Chuma cha taulo kimeng'oka na ukuta wa jipsamu umemeguka: namna nilivyokifunga upya

Mleta uzi

Habari zenu ndugu zangu. Naandika uzi huu kwa ajili ya wale tunaoishi Marekani na Kanada katika nyumba zenye kuta za jipsamu, ingawa naamini hata walioko Dar es Salaam na Nairobi, ambako bodi hizo siku hizi zinagawanya ofisi na vyumba, watapata cha kuchukua. Jambo lenyewe linaonekana dogo: chuma cha kutundikia taulo bafuni kililegea, kikang'oka na kuacha tundu. Nimelishughulikia mara mbili. Mara ya kwanza nilikosea na kazi yangu ilidumu siku tisa tu. Mara ya pili nilifanya inavyopasa, na sasa naweza kukivuta kwa mikono miwili kisitikisike.

Tunaishi Columbus, jimbo la Ohio, katika nyumba iliyojengwa mwaka 1994. Mama yangu alikuja kutusalimu kutoka Tanga. Asubuhi moja niliingia bafuni nikaona taulo limetandazwa ukutani kwa namna ambayo si ya kawaida, limekunjuliwa lote, pindo lake la juu limesokomezwa nyuma ya chuma. Nilipoliinua, chuma kikaja nalo mkononi. Upande wa kushoto palikuwa na tundu la kuingia vidole viwili, karatasi ya kahawia imechanika na kujikunja pembeni, na sakafuni unga mweupe ulikuwa umefagiliwa hadi kwenye kona. Fisha ya plastiki ilikuwa bado imeng'ang'ania skrubu yake, imegandwa na vipande vya jasi kama jino lililong'olewa na mizizi yake.

Mama alikuwa amekishika chuma kile alipokuwa akitoka kwenye hodhi la kuogea. Kilipong'oka alijishika kwenye sinki, na kwa rehema za Mungu hakuumia. Alikaa siku mbili bila kuniambia, kwa sababu aliona haya kuiharibu nyumba ya mwanawe.

Sisi tuliokulia kwenye nyumba za matofali tuna mazoea yetu: unatoboa ukuta, unapigilia fisha, unakaza skrubu, kazi imekwisha. Fisha hutanuka ndani ya tundu na kubana kuta za tundu hilo, na kwa kuwa tofali na zege havisogei, skrubu hukaa miaka na miaka. Jina lenyewe tumelipata kwa Artur Fischer, Mjerumani aliyebuni fisha ya nailoni mwaka 1958. Ukuta wa jipsamu ni kitu kingine kabisa. Ni bodi ya jasi iliyobanwa kati ya karatasi mbili, na katika nyumba nyingi za hapa unene wake ni milimita 12.7, yaani nusu inchi. Nyuma yake pana uwazi wa karibu milimita 89 hadi bodi ya upande wa pili. Jasi yenyewe ni laini, unaweza kuikwangua kwa ukucha. Nguvu ya bodi iko kwenye karatasi. Fisha inayotanuka ndani ya jasi huisaga taratibu kila mtu anapoutikisa mzigo, hadi siku moja inabaki kushikiliwa na karatasi peke yake.

Watu wengi hudhani taulo lililolowa ndilo linaloshusha chuma. Taulo kubwa la kuogea, hata likilowa chepechepe, uzito wake ni wa kilo chache tu, na bodi inaubeba bila taabu. Kinachoharibu ni kuvuta. Chuma changu kimesimama sentimita 7.5 kutoka ukutani, na kutoka skrubu ya juu hadi ukingo wa chini wa bamba lake ni kama sentimita 4. Mtu akikivuta kwenda chini kwa nguvu ya kilo 20 karibu na ncha moja, ile skrubu ya juu huvutwa itoke ukutani kwa nguvu inayokaribia kilo 38, kwa sababu bamba linajiegemeza kwenye ukingo wake wa chini kama mtaimbo. Mtu mzima anayeinuka kutoka kwenye maji anavuta zaidi ya kilo 20.

Kuna jambo jingine nililoligundua kwa futi na penseli, nalo linaeleza kwa nini upande wa kulia wa chuma changu ulibaki imara huku wa kushoto ukimeguka. Nguzo za mbao ndani ya kuta za hapa hupangwa kila baada ya inchi 16, yaani sentimita 40.6 kutoka katikati ya nguzo moja hadi katikati ya nyingine. Vyuma vya taulo vinavyouzwa madukani mara nyingi ni vya inchi 24, yaani sentimita 61. Sasa pigeni hesabu: inchi 24 ni nafasi moja na nusu. Ukifunga ncha moja kwenye nguzo, ncha ya pili inaangukia katikati kabisa ya uwazi, mahali ambapo bodi ni dhaifu kuliko kwingine kote. Fundi aliyekifunga chuma changu miaka hiyo hakuwa mzembe. Vipimo vilimsukuma huko.

Mara ya kwanza nilijaza tundu kwa puti ya kopo, nikaisubiri ikauke usiku kucha, nikatoboa palepale na kutia fisha kubwa zaidi ya ile ya awali. Ilipendeza macho. Siku ya tisa mwanangu alivuta taulo kwa haraka na puti yote ikatoka kipande kimoja, pamoja na jasi ya kuizunguka, na tundu la vidole viwili likawa la ngumi. Puti hufunika na kulainisha. Kubeba mzigo haiwezi, kwa kuwa imekauka ikiwa imegusana tu na jasi iliyokwisha kupondeka.

Mara ya pili niliamua kutafuta mbao. Nilizima umeme wa bafuni kwenye swichi kuu, nikamulika ndani ya tundu kwa tochi ya simu kuangalia nyaya na mabomba, kisha nikazitafuta nguzo kwa sumaku ndogo. Sumaku hunasa mahali penye vichwa vya skrubu zilizoshikilia bodi, na ukipata vichwa vitatu vilivyopangana wima, umeipata nguzo. Nilichora mstatili kutoka katikati ya nguzo moja hadi katikati ya nguzo inayofuata, urefu wa kwenda chini sentimita 20, nikaukata kwa msumeno mdogo wa jipsamu nikiuingiza kidogo tu ili usifike mbali nyuma ya bodi. Kukata hadi katikati ya nguzo kuna sababu yake: kipande kipya kinapata pa kulalia na pa kukazwa skrubu.

Uwazi kati ya nguzo na nguzo ulikuwa sentimita 36.8. Nilikata kipande cha mbao cha milimita 38 kwa 140, ambacho hapa huitwa mbili kwa sita ingawa kikipimwa hakifikii inchi hizo, nikakibana kati ya nguzo kikiwa sambamba na uso wao, na kukikaza kila upande kwa skrubu ndefu zilizopita kwa mshazari. Hapo msifanye haraka. Mbao hiyo ikichomoza mbele hata milimita 2, bodi mpya itavimba na mtaiona kila mkiwasha taa. Baada ya hapo nilikata kipande kipya cha bodi chenye unene uleule, nikakikaza kwenye nguzo zote mbili na kwenye ile mbao, vichwa vya skrubu vikizama kidogo bila kuichana karatasi.

Maungio niliyafunika kwa tepu ya fiba, nikapiga koti la kwanza kwa puti ya unga inayochanganywa na maji na kuganda yenyewe kwa dakika 45, kwa sababu hiyo ni ngumu zaidi na hainywei sana. Makoti mawili ya juu yalikuwa ya puti ya kopo, kila moja pana kuliko lililotangulia, la mwisho likivuka maungio kwa sentimita 15 kila upande. Kupiga msasa nilitumia sponji iliyolowa ili vumbi lisijae nyumbani. Nikapaka andakoti, nikapaka rangi mara mbili, nikaacha siku nzima ikauke. Siku ya kufunga chuma nilitumia pimamaji, nikatoboa tundu jembamba la kuiongoza skrubu, na skrubu zilipoingia kwenye mbao niliusikia ule mkwaruzo wa mbao kavu ambao jipsamu haiwezi kuutoa.

Ombi langu kwenu ni moja: msiongeze ukubwa wa fisha kila chuma kinapong'oka. Kila mara tundu hukua, na mkono utakaokivuta safari ijayo huenda ukawa wa mtu asiyeweza kujizuia kuanguka.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Asante kwa maelezo ya kina, mkuu. Mimi ni fundi wa jipsamu, dari na kuta za kugawanya vyumba, na mengi uliyoandika ndiyo tunayohangaika kuwaeleza wateja. Nina mawili ya kuongeza.

La kwanza ni karatasi iliyochanika. Yule ambaye tundu lake ni dogo na hataki kukata ukuta ajue kwamba ile karatasi ya kahawia iliyobaki wazi ikipakwa puti yenye maji hunyonya, huvimba na kutoa malengelenge, na ukipiga msasa unayafumua upya. Kata kwa wembe ukingo wote uliolegea mpaka ufikie karatasi iliyoshika vizuri, kisha paka andakoti ya mafuta juu ya sehemu ya kahawia, isubiri ikauke, ndipo uweke puti. Nimeona kazi nzuri zikiharibika kwa jambo hili moja.

La pili ni kwamba kuta zetu huku hazina nguzo za mbao. Zina chaneli za bati nyembamba, na skrubu ikikazwa kwenye bati hiyo inashika uzi mmoja au miwili tu. Mteja akinieleza mapema kwamba hapa patakuwa na sinki, pale kabati, pale chuma cha taulo, mimi huweka plaiwudi ya milimita 18 kati ya chaneli kabla ya kufunga bodi ya pili, na huupiga picha ukuta ukiwa wazi, futi ikiwa imelazwa juu yake, ili hata baada ya miaka mitano ajue plaiwudi iko wapi. Tatizo ni kwamba wateja wengi hukumbuka chuma cha taulo siku ya kupaka rangi.

Jasi ni jiwe letu wenyewe, linachimbwa Makanya wilayani Same na kule Kilwa. Haipendezi kuona watu wakiliita takataka kwa sababu limebebeshwa kazi isiyo yake.

Mleta uzi

Nashukuru sana, fundi. La karatasi ni kweli, nami sikulikuta kwa sababu sehemu yote iliyochanika niliiondoa na bodi ya zamani. Anayeziba bila kukata alizingatie.

Mchangiaji, Dallas

Kaka, nimeusoma uzi wako nikiwa nimesimama mbele ya tundu langu. Cha kwangu ni kishikio cha karatasi za chooni, na nyumba si yangu, nimepanga. Mkataba hauniruhusu kukata ukuta, na nikiondoka na tundu watakata kwenye amana yangu. Nifanye nini bila kufungua?

Mleta uzi

Pole, ndugu yangu. Anza kwa kumwandikia mwenye nyumba na kumtumia picha, kwa kuwa chuma kilichong'oka kwa matumizi ya kawaida kinaweza kuwa jukumu lake, na hata kama si lake, utakuwa na ushahidi kwamba hukuficha. Ukiruhusiwa kurekebisha mwenyewe, ziko njia mbili ambazo ningekushauri.

Ya kwanza ni boliti yenye mabawa. Badala ya kutanuka ndani ya jasi, boliti hii hupenya hadi kwenye uwazi na kufungua mabawa au kipande cha chuma nyuma ya bodi, kisha unapoikaza inaibana bodi yote kwa nyuma, karatasi zote mbili zikiwemo. Ipo aina yenye kipande cha chuma kilichounganishwa na mikanda miwili ya plastiki. Inahitaji tundu la karibu milimita 13, na uzuri wake ni kwamba ukiitoa skrubu, kile chuma cha nyuma hakianguki ndani ya ukuta. Sharti ni moja: lazima pawe na bodi nzima kuzunguka tundu hilo. Ukiifunga kwenye tundu la ngumi kama langu utakuwa unabana hewa. Kwa hiyo sogeza kishikio sentimita chache pembeni, mahali bodi ilipo nzima, na lile tundu la zamani lizibe kwa njia aliyoeleza fundi.

Ya pili naipenda zaidi kwa kishikio kinachoshikwashikwa na watoto. Chukua ubao uliopigwa randa, unene wa milimita 19, mrefu wa kutosha kufikia nguzo mbili, uupake rangi pande zote sita ili usinywe mvuke, kisha uukaze kwenye nguzo hizo mbili juu ya ukuta. Tundu linabaki limefunikwa nyuma ya ubao, na kishikio unakifunga kwenye ubao popote upendapo. Siku ya kuhama unaziba matundu manne madogo ya skrubu. Watu wengine huona ubao unavunja urembo wa bafu. Mimi naona ukipakwa rangi ya milango unakaa kama uliwekwa tangu mwanzo.

Kabla ya kununua chochote, hebu angalia chini ya kishikio chako kama kuna skrubu ndogo sana isiyo na kichwa, ile inayokazwa kwa alenki, yaani ufunguo mdogo uliopinda wenye pembe sita. Vishikio vingi havijalegea ukutani hata kidogo. Skrubu hiyo ndiyo iliyolegea, na bamba la ndani bado limeshika. Kwako tayari kuna tundu, lakini msomaji mwingine huenda akaokoa siku nzima kwa kuzungusha alenki nusu duara.

Mchangiaji, Mombasa

Mbona mwafanya kazi kuwa kubwa hivyo? Jaza tundu kwa gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya mirija miwili, izamishe skrubu humo ikiwa bado mbichi, na kesho yake utaona kama itatoka. Mimi nilifanya hivyo kwenye ukuta wa matumbawe wa nyumba ya babu na bado iko.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Ndugu yangu wa Mombasa, kwenye matumbawe nakuamini, kwa sababu epoksi inaingia kwenye vinyweleo vya jiwe na jiwe lenyewe ni zito na nene. Kwenye bodi ya milimita 12.7, epoksi itashikana sawasawa na jasi inayoizunguka, halafu jasi hiyo ndiyo itakayokatika. Utakuwa umetengeneza kizibo kigumu ndani ya mkate. Kikitoka, kinatoka na kipande kikubwa kuliko tundu ulilolianzia. Simenti ni vivyo hivyo, na juu ya hayo inalowesha karatasi wakati wa kuiweka.

Mchangiaji, Mombasa

Umenielewesha, fundi. Nimeshukuru.

Mchangiaji, Toronto

Naomba msaada kwa hali inayofanana na hii. Chuma changu kimelegea, lakini nikibonyeza ukuta kwa kidole gumba chini yake, bodi inabonyea na kubaki na alama. Rangi imetoa malengelenge, na kuna madoadoa meusi karibu na kona ya bafu. Je, nikate na kuweka mbao kama alivyofanya mleta uzi?

Mchangiaji, Dar es Salaam

Usikaze skrubu hata moja kwanza. Ukuta unaobonyea una maji, na maji hayo yana mahali yanakotoka. Bodi iliyolowa hupoteza nguvu ya karatasi yake, na hata ikikauka hairudi kuwa ilivyokuwa. Tafuta chanzo: silikoni iliyopasuka kwenye kona ya hodhi, bomba la bafu la mvua linalovuja nyuma ya ukuta pale linapojipinda, au mvuke tu usio na pa kutokea. Kausha karatasi za chooni, zibandike kwa mkanda mahali panapobonyea, oga kama kawaida, kisha uziangalie. Uzifanyie hivyohivyo siku ambayo hakuna aliyeoga. Zikilowa hata siku hiyo, kuna bomba linavuja.

Mleta uzi

Nakubaliana naye kwa kila neno. Nyongeza yangu ni kwamba sehemu yote laini ikatwe hadi ufikie bodi kavu na ngumu, na usifunge ukuta mpaka nguzo za ndani zikauke kabisa. Unaporudishia, nunua bodi inayostahimili unyevu. Feni ya kutoa mvuke iachwe ikifanya kazi dakika 20 baada ya kuoga. Hapa Marekani mamlaka ya mazingira inashauri unyevu wa hewa ndani ya nyumba usizidi asilimia 60, na kipimo chake ni kifaa kidogo tu cha kuweka juu ya rafu.

Jambo jingine ambalo nilipaswa kulitaja mwanzoni, kwa kuwa nyumba yangu ni ya 1994 na halikunihusu: mwenye nyumba ya zamani asikate wala kupiga msasa kabla ya kupima. Marekani ilipiga marufuku puti za ukutani zenye asbesto mwaka 1977, na rangi za nyumbani zenye madini ya risasi mwaka 1978, lakini kuta zilizojengwa kabla ya hapo bado zimesimama, na vumbi lake ni hatari, hasa kwa watoto. Kanada nako nyumba za miaka hiyo zinahitaji tahadhari hiyohiyo.

Mchangiaji, Minnesota

Nimesoma uzi wote kwa makini, na naomba kusema jambo ambalo huenda likamuudhi mleta uzi, ingawa nia yangu ni njema. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Umeeleza vizuri namna ya kukifanya chuma cha taulo kisitoke ukutani. Lakini ulichotueleza mwanzoni ni kwamba mama yako alihitaji pa kujishikia alipokuwa akitoka kwenye maji, na hadi sasa hana. Mbao uliyoiweka ni imara, naamini. Chuma chenyewe je? Chuma cha taulo ni bomba jembamba lililoshikiliwa kila ncha na ile skrubu ndogo ya alenki uliyoitaja wewe mwenyewe. Safari hii ukuta utabaki, na bomba litachomoka kwenye vishikio vyake akiwa amelishika.

Vyuma vya kujishikia ni vifaa vingine. Vina bomba nene la kipenyo cha milimita 32 hadi 38 ambalo vidole vinalizunguka vyema, na kila ncha ina bamba la skrubu tatu. Kanuni za Marekani za majengo ya umma zinataka chuma hicho kihimili nguvu ya pauni 250, karibu kilo 113, kiwe na nafasi ya inchi moja na nusu kutoka ukutani ili mkono upite lakini kiwiko kisinase, na kikae kati ya sentimita 84 na 91 kutoka sakafuni. Nyumbani hulazimiki kufuata, ila ni kipimo kizuri. Tafadhali usinunue vile vya kunata kwa mpira wa kunyonya ukuta. Vinashika leo, kesho asubuhi vimeachia bila mtu kujua, na mzee anavishika kwa imani.

Mkumbuke pia kwamba mzee hakwambii. Mama yako alifunika tundu kwa taulo. Wa kwangu wengi hufanya hivyo.

Mleta uzi

Dada yangu, hukuniudhi. Nilisoma maneno yako usiku nikashindwa kulala vizuri, kwa sababu ni kweli kwamba nilijisifu kwa kutengeneza ukuta. Nimekaa kimya wiki tatu kwa kuwa nilitaka kurudi na jibu la vitendo.

Niliufungua tena ukuta uleule niliokuwa nimeupaka rangi, safari hii kutoka chini ya kile kipande cha kwanza, nafasi mbili za nguzo kwa upana. Niliweka mbao mbili za milimita 38 kwa 184, moja kila nafasi, zikiwa mstari mmoja, kwa sababu nguzo peke yake ina upana wa milimita 38 na skrubu tatu za bamba haziwezi zote kuikuta. Moja kati yake ingebaki kwenye jipsamu ikijifanya inasaidia. Bodi ya juu sasa ni ya kustahimili unyevu. Skrubu nilizotumia ni za chuma kisichoshika kutu, ndefu kiasi cha kupita bamba na bodi na kuzama ndani ya mbao milimita 35, na nyuma ya kila bamba nilipaka silikoni isipokuwa sehemu ya chini, ili maji yakiingia yapate pa kutokea yaonekane.

Kuhusu kimo, sikutumia futi kwanza. Nilimwomba mama aingie kwenye hodhi kavu akiwa amevaa nguo zake, akae, kisha ainuke mara tatu kama anavyoinuka siku zote, nami nikiwa nimesimama na penseli. Mkono wake wa kulia uligusa ukuta karibu mahali palepale kila mara. Nilipoweka alama na kupima ilikuwa sentimita 86 kutoka sakafuni, chini kabisa ya pale kilipokuwa chuma cha taulo, ambacho kumbe alikuwa akikifikia kwa kujinyoosha. Kilipokamilika nilikishika mimi kwanza, nikainua miguu yote miwili kutoka sakafuni na kuuachia mwili wangu wa kilo 82 uning'inie. Hakikutoa hata sauti.

Chuma cha taulo nimekirudisha juu yake, na taulo la mama sasa linatundikwa likiwa limekunjwa mara mbili, kama anavyolitundika kwake Tanga.

Mchangiaji, Minnesota

Ahsante, kaka. Mwambie mama tunamsalimu. Na kile cha upande wa choo, usikisahau.

Mleta uzi

Mbao zake nimezinunua jana.